Kushika, Kufunga na Kunata: Istilahi za DNA ya Takriri na Protini Zake

Miongoni mwa maneno machache ambayo lugha za Tanzania zimeipa sayansi ya dunia, lipo moja lililotoka katika uwanda wa juu wa Makonde. Kuanzia Julai 1952 watu wa wilaya za Newala na Masasi walishikwa na homa kali ya ghafla, iliyofuatana na maumivu makubwa ya viungo hata mgonjwa akashindwa kujinyosha. Virusi vya maradhi hayo vilitambuliwa mwaka 1953. Taarifa za kitaalamu za Marion Robinson na W. H. R. Lumsden zilichapishwa mwaka 1955, na mwaka uliofuata R. W. Ross akachapisha yake, akiutaja mlipuko huo kwa jina la Newala. Wataalamu hao hawakubuni jina la ugonjwa. Walilikuta limekwisha kutumika vinywani mwa wenyeji: chikungunya, kutokana na kitenzi cha Kimakonde kungunyala, yaani kukauka na kujikunja. Kiambishi chi- ndicho ki- chetu cha Kiswahili, na kwa hiyo Mswahili husikia ndani ya neno hilo umbo analolifahamu, japo shina lake ni geni kwake. Vitabu kadhaa vya kigeni hudai kwamba neno hilo ni la Kiswahili. Si kweli, na yafaa wafasiri walisahihishe kosa hilo kila walikutapo.

Tumeanza na habari hiyo kwa sababu inatupa kipimo. Aliyelisema neno chikungunya kwa mara ya kwanza hakujua virusi ni nini, wala hakuhitaji kujua. Alitazama ugonjwa unamfanya nini mtu, akautaja kwa kitendo hicho. Madaktari waliofika baadaye hawakuona sababu ya kulitupa neno lake, kwa kuwa lilisema kweli. Katika makala haya tunakusudia kutumia kipimo hichohicho kwa kundi la istilahi ambalo limeanza kuwasumbua wafasiri na walimu wa baiolojia, nazo ni istilahi zinazohusu sehemu za kromosomu zilizojaa marudio na protini zinazoshikana nazo. Wataalamu wamelichunguza jambo hili hasa katika nzi mdogo wa matunda, na ndiye tutakayemtumia kama mfano. Mwishoni tutarudi Newala, maana mbu aliyeeneza homa ile naye anayo marudio ya namna hiyo.

Kwanza tumweke sawa nzi mwenyewe. Atembeaye Masasi au Newala katika msimu wa korosho, kuanzia mwezi wa Oktoba hivi, huona mabibo yaliyoanguka chini ya mikorosho, na juu ya yale yaliyoanza kuchacha huona vijinzi vidogo vya rangi ya manjano-kahawia, vyenye macho mekundu, visivyozidi milimita tatu. Vijinzi hivyo havikosekani pia penye chombo cha uraka. Jamii yake kwa jina la kitaalamu huitwa Drosophila, na spishi iliyochunguzwa kuliko zote ni Drosophila melanogaster, ambayo asili yake ni Afrika. Vitabu vya shule humwita nzi wa matunda. Tatizo ni kwamba mabwana shamba nao wanaye nzi wao wa matunda, ambaye ni mdudu mwingine kabisa, mkubwa zaidi, atoboaye embe changa na kutaga mayai ndani yake. Mmoja wa nzi hao, aliyetoka Asia, aligunduliwa nchini Kenya mwaka 2003 na tangu hapo amewatia hasara wakulima wengi wa Afrika Mashariki. Mkulima akisoma gazetini kwamba wataalamu wanafuga nzi wa matunda kwa maelfu katika chupa, ana haki ya kushtuka. Yule wa maabara hali tunda zima. Hufuata hamira iliyoota juu ya tunda linalochacha. Kwa hiyo tunapendekeza aitwe nzi-chachu, na jina la nzi wa matunda waachiwe mabwana shamba, ambao walilihitaji mapema na wanalitumia kila siku.

Nzi-chachu ana jozi nne tu za kromosomu. Kila kromosomu ni uzi mmoja mrefu sana wa DNA uliozongwa juu ya protini. Msomaji atakumbuka kwamba DNA ni mfano wa ngazi ya kamba iliyosokotwa, na kwamba vipandio vyake huandikwa kwa herufi nne, A, T, G na C, ambapo A hukabiliana na T, na G hukabiliana na C. Jeni ni kifungu cha herufi hizo chenye maagizo ya kutengeneza protini fulani. Lakini si DNA yote iliyo jeni. Katika nzi-chachu, kiasi kinachokaribia sehemu moja kwa tano ya DNA yote ni vifungu vifupi vinavyorudiwa maelfu kwa maelfu bila kupumzika. Kimoja kinasomeka AATAT, AATAT, AATAT, na hivyo hivyo mpaka msomaji achoke. Kingine ni AAGAG. Kingine kina herufi kumi, AATAACATAG. Katika kromosomu X lipo pia eneo kubwa la kifungu chenye herufi 359, nacho hurudiwa vilevile. Sehemu hizi hukaa zaidi karibu na kiungo cha kromosomu, pale inaposhikwa na kuvutwa seli inapogawanyika.

Sasa tufike penye jina. Lugha za Ulaya huiita DNA hiyo kwa neno ambalo Kiswahili kimelipokea kwa umbo la setilaiti. Mfasiri mwenye haraka huandika “DNA ya setilaiti”, na mwanafunzi wa kidato cha tano huona chombo cha chuma kikizunguka dunia na kurusha matangazo ya mpira. Tumeona inafaa kueleza jina hilo lilikotoka, kwa sababu asili yake ndiyo hoja yetu kuu dhidi yake.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 wanasayansi walibuni njia ya kupima uzito wa DNA kwa kuizungusha kwa kasi kubwa mno ndani ya maji yenye chumvi ya kloridi ya sesiamu. Chumvi hujipanga, nyepesi juu na nzito chini, na DNA huelea mahali panapolingana na uzito wake. Mwaka 1961 Saul Kit alipozungusha DNA ya panya aliona mkanda mmoja mkubwa, na kando yake mkanda mwembamba uliojitenga. Mkanda mdogo kando ya mkubwa ulifanana na mwezi kando ya sayari, na kwa hiyo ukaitwa msindikizaji, ambalo ndilo neno la Kilatini lililozaa setilaiti. Mkanda ulijitenga kwa sababu DNA yenye marudio ya herufi chache haina mchanganyiko wa kawaida wa A, T, G na C, na kwa hiyo uzito wake huwa pungufu au zaidi kidogo. Hata leo aina za DNA hiyo katika nzi-chachu huitwa kwa uzito wake: ile ya herufi 359 hujulikana kama 1.688, yaani gramu 1.688 kwa kila sentimita moja ya ujazo.

Jina hilo, basi, halisemi DNA hiyo ni nini wala inafanya nini. Linasema ilionekana wapi siku moja ndani ya mrija wa kioo. Zipo DNA za marudio ambazo hazijitengi katika mrija, nazo bado huitwa setilaiti kwa mazoea tu. Lugha zilizolizaa jina hilo zimekwisha kulizoea na hazina la kufanya. Sisi bado tunayo nafasi ya kuchagua, na hatuoni kwa nini tuurithi mrija wa kioo.

Kiswahili kina neno lililo tayari, ambalo kila mwalimu wa fasihi analijua. Ushairi una takriri, yaani kurudiwa kwa neno au kifungu kwa makusudi. Takriri inafaa kuliko marudio, kwa sababu marudio ni neno pana mno. Mtihani una marudio na kipindi cha redio kina marudio. Lakini takriri peke yake haitoshi, maana DNA ina vifungu vya aina nyingine vinavyorudiwa hapa na pale, vikiwa vimetawanyika katikati ya jeni kama chumvi katika mchuzi. Hivi tunavyovieleza hufuatana kimoja nyuma ya kingine pasipo nafasi. Kwa mpangilio wa namna hiyo tunalo neno sanjari, wanalolitumia watu wakisema juu ya magari au ngamia wanaofuatana kwa mstari. Tunapendekeza takriri sanjari kwa kifungu kinachorudiwa hivyo, na DNA ya takriri kwa DNA yenyewe iwapo muktadha unatosha. Neno setilaiti litajwe mara moja tu, mwanzoni, kwa ajili ya msomaji atakayehitaji kutafuta katika vitabu vya nje.

Kuhusu jina jingine tutasema kwa ufupi. Mwaka 1972 Susumu Ohno alitumia, kwa DNA isiyo jeni, neno lenye maana ya vitu chakavu vilivyowekwa stoo. Tumekuta tafsiri yake ikiandikwa “DNA takataka”. Takataka hutupwa, ilhali kitu cha stoo huwekwa. Kama tutakavyoona, DNA ya takriri haistahili hata kuitwa chakavu. Neno hilo lisitumike isipokuwa katika kueleza historia ya wazo hilo.

Vilevile liko neno la eneo zima la kromosomu ambamo takriri hizi hukaa. Mwaka 1928 Emil Heitz, akitia rangi seli za mimea, aliona kwamba baadhi ya sehemu za kromosomu hubaki zimekoza rangi hata seli isipokuwa ikigawanyika, wakati sehemu nyingine hufifia. Jina alilolitoa lina maana ya kromatini ya namna nyingine, maana ambayo haimfundishi mtu lolote. Kiswahili husema rangi imekolea. Kromatini iliyokolea, kwa mkato kromatini kolevu, inaeleza alichokiona Heitz kuliko alivyokieleza yeye mwenyewe. Sehemu iliyofifia iitwe kromatini fifi.

Sasa tunaingia katika jambo gumu zaidi, nalo ni kitenzi. Ugumu wa istilahi aghalabu hudhaniwa kuwa katika majina. Mabaraza hukutana, majina hupangwa, na vitenzi huachwa vijitafutie njia. Hata hivyo kosa la kitenzi hupotosha zaidi kwa sababu halionekani. Taarifa za kitaalamu husema kwamba protini fulani hufanya jambo fulani kwa DNA, kwa kitenzi ambacho Kamusi za kawaida hukitafsiri “funga”. Wafasiri wengi huandika “protini inafunga DNA”. Msomaji wa Kiswahili hufahamu moja kati ya mambo mawili: kwamba protini imeifunga DNA kwa kamba, au kwamba imeifunga kama mlango, isifanye kazi. Maana zote mbili si ile iliyokusudiwa, na ile ya pili ni ya hatari zaidi, kwa sababu protini nyingine zinaposhikana na DNA huifungua ili jeni isomwe. Mwanafunzi atakayejibu katika mtihani kwamba protini “inafunga jeni” ilhali jeni hiyo inaamshwa, hatajua alikopotelea, na pengine mwalimu wake pia hatajua.

Wengine huandika “inanata”. Kunata ni kwa ulimbo na gundi, na gundi hainachagui. Hunata kwenye mti, kwenye ndege na kwenye kidole cha aliyeitega. Wengine huandika “inaambata”, na hili lina heshima yake katika kemia, lakini halimwelezi mtu ni nani anayetenda. Ili tuamue, hapana budi kutazama protini zenyewe zifanyavyo kazi.

Katika nzi-chachu iko protini iitwayo D1, iliyotambuliwa katika miaka ya 1970. Protini hii ina vipande vidogo vinavyojirudia katika mwili wake, kila kimoja mfano wa kulabu. Ngazi ya DNA ikisokotwa hufanya mifuo miwili, mmoja mpana na mmoja mwembamba. Penye A na T nyingi, ule mwembamba huwa mwembamba zaidi, na kulabu ya D1 huingia humo barabara. Kulabu moja peke yake ina nguvu ndogo. Lakini D1 ina kulabu nyingi, na takriri ya AATAT ina nafasi maelfu kwa maelfu za kuzipokea, kwa hiyo D1 hukusanyika huko kwa wingi. Hapa takriri inaonyesha faida yake: kifungu kimoja cha AATAT mahali popote katika kromosomu hakina maana yoyote, lakini vifungu elfu vinavyofuatana sanjari huwa makao.

Protini ya pili huitwa Prod. Hii haijali AATAT. Mahali pake ni kwenye takriri ya herufi kumi tuliyoitaja, AATAACATAG. Ya tatu huitwa GAF, nayo hutafuta mfuatano wa G na A unaopokezana, ikiusoma kwa kipande chenye atomu ya zinki ambacho wataalamu hukiita kidole. GAF ndiyo inayotufundisha zaidi kuhusu kitenzi. Kazi yake inayojulikana ni kwenye jeni, ambako husaidia kuifungua kromatini. Lakini mwaka 1998 watafiti wa nchini Marekani walionyesha kwamba seli inapogawanyika GAF huonekana kwenye takriri za AAGAG, na mgawanyiko ukiisha hutawanyika tena kwenye sehemu nyingine. Protini ileile, basi, huacha hapa na kwenda kule kwa saa zake.

Mwaka 2000 maabara ya Ulrich Laemmli mjini Geneva ilitoa ushahidi wa kushangaza zaidi. Watafiti walitengeneza molekuli ndogo ziwezazo kuingia katika mfuo wa DNA penye takriri maalumu, wakawalisha nzi-chachu. Walikuwa na aina ya nzi ambao eneo kubwa la takriri ya AAGAG limejipachika ndani ya jeni ya rangi ya macho. Nzi hao walipokula molekuli iliyoitafuta takriri hiyo, eneo hilo lilifunguka, na GAF ikavutwa huko ikaacha mahali pake pa kawaida kwenye jeni. Matokeo yake ni kwamba sehemu fulani za mwili wa nzi hao zilichukua umbo la sehemu nyingine. Nzi wa kawaida, wasio na takriri hiyo ya ziada, hawakupatwa na jambo hilo ingawa walikula chakula kilekile.

Ukilieleza tukio hilo kwa “kufunga”, halielezeki. Kilichofungwa hakihami kwa kuvutwa. Ukilieleza kwa “kunata”, halielezeki pia. Lakini kwa “kushika” linaeleweka mara moja. Mkono hushika kinachouenea, huchagua, huachia, na ukishika hapa hauwezi kuwa umeshika kule. Protini iliyoshika takriri haiko kwenye jeni, na jeni inakosa mtu wake. Kwa hiyo tunapendekeza kushika kwa tendo la protini moja kukutana na DNA na kukaa nayo. Kushikana pale ambapo pande zote mbili hutajwa kwa usawa. Na mshiko kwa nguvu ya tendo hilo, ambayo wataalamu huipima. Kufunga kubaki kwa maana zake za kale, na hasa kwa jeni iliyozuiwa isisomwe, kwa sababu hapo neno hilo lina ukweli.

Yupo atakayesema kwamba kushika ni neno la jikoni, halina hadhi ya kitaalamu. Tunamjibu kwamba kungunyala nalo lilikuwa neno la nyumbani.

D1 na Prod zina kazi nyingine inayohitaji kitenzi cha pili. Kwa muda mrefu ilionekana katika hadubini kwamba takriri za kromosomu mbalimbali, ingawa kila moja iko kwenye uzi wake, hukusanyika pamoja ndani ya kiini cha seli na kufanya madoa machache yaliyokolea. Haikujulikana kwa nini. Mwaka 2018 Madhav Jagannathan, Yukiko Yamashita na mwenzao walichapisha uchunguzi juu ya nzi wasio na D1. Madoa yalisambaratika. Kisha vipande vya DNA vikachomoza nje ya kiini na kujitenga katika viini vidogo vya pembeni, DNA ndani yake ikaharibika, na seli zikafa. Waliikuta hali hiyohiyo katika seli za panya walipoondoa protini iitwayo HMGA1, ambayo nayo ina kulabu za kushika A na T. Mwaka uliofuata walionyesha kwamba Prod nayo inahitajika, na kwamba nyuzi za DNA ya takriri hunyooshwa kutoka kromosomu moja hadi nyingine zikiziunganisha zote.

Maana yake ni kwamba kromosomu hazikai ndani ya kiini kama nafaka ndani ya gunia. Zimefungwa pamoja kama tita la kuni. Mwanamke ashukaye kwenye kingo za uwanda wa Makonde akiwa na kuni kichwani anajua kwamba tita lisilofungwa halifiki nyumbani. Tofauti ni moja: katika tita la kuni, kamba ni kitu cha pembeni, katika kiini cha seli, kila ukuni una mahali pake maalumu pa kushikiwa, ambapo ndipo hiyo DNA ya takriri. Kwa doa lile lililokolea, ambalo lugha za Ulaya huliita kitovu cha rangi, tunapendekeza tita la kromosomu, na kwa tendo lenyewe kutita, kitenzi ambacho wasomaji wa mashambani hawatahitaji kufafanuliwa. Tulilifikiria neno kitovu, lakini kitovu ni kimoja, nayo madoa huwa kadhaa. Tena wafasiri wengine wamekwisha kukitumia kitovu kwa kiungo cha kromosomu kinachovutwa wakati wa mgawanyiko.

Takriri hizi hubadilika upesi kuliko jeni. Spishi mbili za nzi zilizo jirani sana, ambazo mtu wa kawaida hawezi kuzitofautisha, zaweza kuwa na takriri tofauti kabisa. Jambo hilo lina gharama. Dume wa Drosophila melanogaster akipandana na jike wa Drosophila simulans, watoto wa kike hufa wakiwa ndani ya yai. Mwaka 2009 Patrick Ferree na Daniel Barbash walionyesha sababu: eneo lile la herufi 359 katika kromosomu X ya baba, ambalo simulans hana mfano wake mkubwa kama huo, haliachani sawasawa seli za kwanza zinapogawanyika. Kromosomu hukwama na kuvutika kama mpira. Yai la mama lilijazwa vitu vya kuhudumia takriri za kwao, si za ukweni. Mwalimu anayetaka kueleza jinsi spishi moja inavyogawanyika kuwa mbili atapata hapa mfano bora kuliko ule wa milima na bahari uliozoeleka, mradi asiwe amekwisha kuwaambia wanafunzi kwamba DNA hiyo ni takataka.

Tuliahidi kurudi Newala. Mbu aliyehusishwa na homa ya mwaka 1952 ni Aedes aegypti. Uwanda wa juu wa Makonde hauna mito juu yake. Maji yalichotwa mbali na kuwekwa ndani ya nyumba, na mbu huyo hupenda kuzaliana katika maji yaliyohifadhiwa hivyo. Ndiye pia aliyeeneza chikungunya Lamu na Mombasa mwaka 2004. Mwaka 2020 watafiti wa mji wa Nijmegen, Uholanzi, walichapisha habari ya takriri sanjari moja katika mbu huyo ambayo, kinyume na desturi ya takriri, imedumu bila kubadilika sana kwa muda wa miaka milioni 200 hivi. Takriri hiyo hunakiliwa kuwa vipande vidogo vya RNA, navyo hushikwa na protini za jamii iitwayo PIWI. Yai likiisha kutagwa, vipande hivyo huongoza uharibifu wa maagizo ambayo mama aliyaacha ndani ya yai, ili kiinitete kianze kutumia ya kwake. Watafiti walipokizuia kimoja cha vipande hivyo, maagizo ya mama yalibaki na kiinitete kikasimama kukua.

Katika aya iliyotangulia tumelitumia neno kushika kwa protini na RNA, na tunaona limekubali bila kulazimishwa. Mambo mawili hatujayaamua. La kwanza ni mfuo wa DNA. Baadhi yetu wanapendelea mfereji, lakini mfereji una maji, na mfuo unaokwenda ukizunguka ngazi unafanana zaidi na ule wa parafujo. Wasomaji mafundi huenda wana jina lake. La pili ni yale maagizo ya mama ndani ya yai. Kuyaita “nakala za mama” ni sahihi lakini kunachanganya na nakala za vyeti, na istilahi yoyote itakayopatikana italazimika kukaa vema katika sentensi moja na kitenzi kuharibu. Wanaozungumza Kimakonde, Kimakua na Kiyao wanaombwa watuletee maneno wanayoyatumia kwa akiba anayoiacha mzazi ili mtoto aanzie maisha, na watutajie pia ngeli ya kila neno katika umoja na wingi.